Mwanafunzi wangu kauliza: Zinjanthropus na Homo habilis waliishi wakati mmoja, sasa nani alimzaa nani?

Mwalimu wa Mbulu

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Historia kidato cha kwanza, shule ya kata huku Mbulu. Tumefika kwenye chimbuko la binadamu. Mchoro mnaufahamu, ule wa foleni: kushoto sokwe aliyeinama, anafuata mwingine aliyenyooka kidogo, mpaka mwisho kabisa anasimama mtu wima ameshika mkuki. Chini ya mchoro nikaandika ubaoni kama kitabu kinavyopanga: Dryopithecus, Ramapithecus, Australopithecus na Zinjanthropus, Homo habilis, Homo erectus, Homo sapiens. Kila jina nikaliwekea mahali na miaka.

Binti mmoja wa dawati la mbele, msichana mpole ambaye huwa hanyooshi mkono, akasimama: "Mwalimu, umeandika Zinjanthropus alikuwa Olduvai miaka milioni 1.75 iliyopita. Homo habilis naye umeandika Olduvai, na miaka ni ileile. Sasa nani alimzaa nani?"

Darasa zima likageuka kuniangalia. Nikamwambia swali lake linastahili jibu la kutafutiwa, na nitalileta.

Alipokaa yeye wakaamka wengine. Kijana mmoja akauliza kama tulitokana na nyani, mbona nyani wa Manyara bado ni nyani. Mwingine akataka kujua kama sokwe wa Gombe nao siku moja watakuwa watu.

Ninaomba mwenye ujuzi anisaidie. Nahitaji majibu yenye tarehe na mahali, kwa sababu hawa watoto wanasoma tarehe kuliko mimi. Na kama kuna namna ya kuwaonyesha kwa vitendo ningefurahi sana. Projekta hatuna, ila tuna uwanja mkubwa, majivu ya jikoni na kamba.

---

Mzee wa Chekeche

Mwalimu, kwanza mpongeze huyo binti mbele ya wenzake. Amesoma tarehe mbili, akaziweka pamoja, akaona haziwezi kukaa kwenye foleni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 jambo hilohilo liliwaumiza kichwa wachimbaji wenyewe.

Mimi ni mtu wa Karatu, si profesa. Ujana wangu umeishia Oldupai, yaani bonde lilelile la Olduvai la kitabu chako, kwenye timu za uchimbaji, wakati wa kiangazi. Kazi yangu kubwa ilikuwa chekeche. Mchimbaji anakwangua udongo kwa mwiko na brashi ndani ya mraba uliofungwa kamba, sentimita chache kwa siku. Udongo unaingia kwenye ndoo yenye namba ya mraba ule, ndoo inakuja kwangu. Nachekecha, naosha, nabaki na changarawe, kisha nakaa nazo nikizichambua moja moja: jino la panya, mfupa wa chura, kipande cha gamba la yai la mbuni. Ukizoea, vidole vinajua huu ni mfupa na hili ni jiwe kabla macho hayajaamua. Namba ya ndoo ikipotea, mfupa wenyewe umepoteza zaidi ya nusu ya thamani yake, maana hujui tena ulitoka tabaka lipi.

Tuje kwa binti. Tarehe 17 Julai 1959 Louis Leakey, aliyeongoza uchimbaji pale, alikuwa anaumwa, amelala kambini. Mkewe Mary akatoka peke yake kukagua mteremko, akaona mfupa na meno makubwa vimechomoza kwenye udongo. Ndilo fuvu la Zinjanthropus. Karibu nalo palikuwa na zana za mawe, kwa hiyo wakasema huyu ndiye fundi aliyezitengeneza. Mwaka uliofuata, jirani kabisa na pale, mtoto wao Jonathan akapata taya, vipande vya fuvu, na ikapatikana mifupa ya mkono ya kiumbe mwingine mwenye meno madogo na ubongo mkubwa zaidi. Mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier wakakipa jina la Homo habilis, na sifa ya zile zana ikahamia kwake.

Ina maana viumbe wawili wa aina tofauti, wote wakitembea kwa miguu miwili, waliishi kando ya ziwa lilelile la kale katika enzi moja. Hakuna aliyemzaa mwenzake. Zinj kwetu ni kama baba mdogo aliyekufa bila kuacha mtoto: ni wa ukoo, lakini ukifuata mstari wetu kurudi nyuma hupiti kwake. Wataalamu siku hizi humwita Paranthropus boisei. Ubongo wake ulikuwa sentimita za ujazo 500 na ushei. Wetu kwa wastani ni kama 1,350. Utosini alikuwa na tuta la mfupa ambako misuli ya taya ilijishika, na magego yake ukiyaona utashangaa upana wake. Kemia ya meno ya jamii yake inaonyesha walikula zaidi nyasi na mimea ya jamii ya ndago. Waliishi Afrika Mashariki kwa takriban miaka milioni moja, kisha wakatoweka. Miaka milioni moja, Mwalimu! Sisi Homo sapiens tuna kama laki tatu tu kwa mabaki ya Jebel Irhoud kule Moroko. Ndiyo maana nikisikia mtu akimwita Zinj "aliyeshindwa" roho inaniuma.

Wakikuuliza hiyo miaka ilipatikanaje, waeleze hivi. Majivu ya volkano yana madini yenye potasiamu. Sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo, ile ya aina ya 40, hugeuka polepole mno kuwa gesi ya agoni. Nusu yake huisha kwa miaka takriban milioni 1,250. Volkano inapolipuka, joto hufukuza agoni ya zamani, hesabu inaanza upya. Fuwele zikishapoa, agoni mpya inanaswa ndani yake. Ukipima agoni iliyonaswa na potasiamu iliyobaki, unapata umri wa majivu. Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley walifanya hivyo kwa majivu ya Olduvai, na mwaka 1961 wakatoa hiyo milioni 1.75 iliyo kwenye kitabu chako. Kabla ya hapo Leakey mwenyewe alikadiria kitu cha laki sita hivi. Vipimo vya kisasa vinalisogeza tabaka lile hadi karibu milioni 1.84.

Sasa naomba uende Laetoli, kwa sababu kama ningeruhusiwa kufundisha kitu kimoja tu katika mada yako yote, ningefundisha Laetoli.

Ni kama kilomita 45 kusini mwa Oldupai, upande wa Endulen. Miaka milioni 3.66 iliyopita volkano ilimwaga majivu laini, mvua nyepesi ikanyesha juu yake, na mpaka leo vishimo vya matone vinaonekana. Majivu yale yalikuwa na madini yanayoganda kama saruji yakilowa. Wanyama wakapita: sungura, kanga, twiga, faru, farasi wa kale wa vidole vitatu. Wakapita na watu. Naandika watu, najua wataalamu watanikosoa, lakini nenda kaangalie ile nakala kwenye makumbusho ya Oldupai kisha uniambie ungewaitaje. Majivu mengine yakafunika yote.

Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifukua nyayo kama 70 katika njia ya mita 27 hivi. Mmoja mkubwa, mmoja mdogo kando yake, na wa tatu akikanyaga ndani ya nyayo za yule mkubwa. Kisigino kimezama, uzito umepita pembeni mwa unyayo, na dole gumba la mguu limekaa sambamba na vidole vingine. Dole gumba la sokwe limejitenga, linashika tawi kama la mkono. Hawa walikuwa wameshaacha kushika matawi kwa miguu.

Na ubongo wao? Mabaki ya jamii hiyo, Australopithecus afarensis, yanaonyesha ubongo wa sentimita za ujazo 400 hadi 500 na kitu, karibu sawa na sokwe. Zana za mawe za kale kuliko zote zilizopatikana mpaka sasa ni za Lomekwi, Turkana, miaka milioni 3.3. Miguu ilitangulia. Ubongo mkubwa ulikuja zaidi ya miaka milioni moja na nusu baadaye. Ule mchoro wa foleni unaonyesha kila kitu kikipanda kwa pamoja, mgongo, kichwa, mkono na mkuki, na hapo ndipo unapowapoteza watoto.

Jambo jingine ambalo Watanzania wengi hawaambiwi: jina la afarensis limetoka Afar, Ethiopia, yalikopatikana mabaki ya Lucy, wa jamii hiyohiyo, mwaka 1974, lakini mfupa rasmi unaobeba jina hilo ni taya ya Laetoli, LH 4. Aliyeiona ni Maundu Muluila, mmoja wa wachimbaji wa Mary Leakey, mwaka huohuo wa 1974. Waandikie ubaoni jina hilo, herufi kubwa.

Na kazi haikuisha kwa wazungu. Mwaka 2014 na 2015 timu iliyokuwa na Profesa Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikichimba mashimo ya majaribio kwa ajili ya makumbusho yaliyopangwa kujengwa pale, ilikuta nyayo nyingine kama mita 150 kutoka zile za kwanza. Mmoja wa waliopita alikadiriwa kuwa na urefu wa sentimita 165. Mwaka 2019 Charles Musiba, Mtanzania mwenzetu, na wenzake walifukua upya nyayo za sehemu ya Laetoli iitwayo eneo A, ambazo zamani zilidhaniwa huenda ni za dubu aliyesimama. Wakathibitisha ni za kiumbe wa jamii yetu, tena inaelekea wa aina tofauti na wale wa mwaka 1978. Hata pale Laetoli, kwenye majivu yaleyale, hatukuwa aina moja.

Kwa Ramapithecus: mfute, Mwalimu. Mifupa yake ya kwanza ilitoka milima ya Siwalik, kule bara Hindi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uso uliokamilika zaidi kutoka Pakistani ulionyesha kwamba yeye na kiumbe mwingine wa kale aitwaye Sivapithecus ni kundi moja, na kundi hilo liko karibu na orangutani wa Borneo na Sumatra. Hana nafasi kwenye mstari wetu.

Nyani na sokwe nitarudi kesho, nikishalala.

---

Mkunga wa Korogwe

Mwalimu, pole na kazi. Mimi ni mkunga, na naomba niongeze upande ambao wanaume huupita.

Mzee amesema miguu ilitangulia na ubongo ukafuata. Vitu hivyo viwili vinakutana mahali pamoja, kwenye nyonga ya mwanamke, na mimi nakaa hapo usiku kucha.

Ili mwili usimame wima, mfupa wa nyonga ulibadilika. Wa sokwe ni mrefu, umepanda mgongoni. Wetu ni mfupi, umepanuka na kupinda kama unakumbatia tumbo. Nyonga ya Lucy, miaka milioni 3.2 iliyopita, imeshakuwa fupi na pana hivyo, lakini njia yake ya uzazi ilikuwa pana kwa kulia na kushoto na nyembamba mbele na nyuma. Kwa kuwa watoto wa wakati ule walikuwa na vichwa vidogo, njia hiyo iliwatosha.

Baadaye vichwa vikakua. Leo mtoto anaingia akiwa ameangalia ubavu wa mama, halafu lazima ageuke, na mara nyingi anatoka ameangalia mgongo wa mama yake. Mama akijaribu kumvuta mwenyewe kutoka mbele anaweza kumkunja shingo vibaya. Ndiyo maana binadamu tumezoea kuzalishwa, kuwa na mtu mwingine wa kupokea. Nawaambia wanafunzi wangu wa uuguzi kwamba huenda kazi yetu ni ya zamani kuliko moto wa jikoni. Sina mfupa wa kuithibitisha, lakini naiamini.

Na utosi wa mtoto, pale panapodunda, wasichana wako wote wanapajua kwa wadogo zao. Mifupa ya fuvu haijaungana, inapandana kidogo wakati wa kupita, ndipo kichwa kinapenya. Utosi wa mbele huziba karibu na miezi 18. Ubongo wa mtoto wetu akizaliwa haujafika hata theluthi moja ya ukubwa wa mtu mzima, kwa hiyo sehemu kubwa ya kukua inafanyika nje, mgongoni mwa mama, katikati ya watu wanaoongea naye. Mtoto wa sokwe anajishikilia manyoya ya mama yake mapema tu, wakati wa kwetu hata shingo haijakaza.

Waambie wasichana wako wajishike nyonga wakiwa wamesimama. Ushahidi wameubeba wao.

---

Dereva wa Lodwar

Mwalimu, salamu kutoka Turkana. Mimi hupeleka watafiti na mizigo yao kambini, pande zote mbili za ziwa, na nimekaa nao vya kutosha kujua kwamba huyo msichana wako ana akili.

Mzee wa Chekeche amekupa Oldupai. Mimi nikupe Koobi Fora, mashariki mwa ziwa. Mwaka 2021 timu ilifukua pale tope la ufuo la miaka milioni 1.5 lililogeuka mwamba, na ndani yake kulikuwa na nyayo za aina mbili. Mtu mmoja alikuwa ametembea moja kwa moja, nyayo kadhaa mfululizo, na umbo la miguu yake linaelekea kuwa la Paranthropus boisei, yaani jamii ya Zinj wenu. Wengine walikanyaga kama sisi, na hao wanadhaniwa ni Homo erectus. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Nyayo hizo zimeachwa kwenye uso uleule wa tope, kwa tofauti ya saa au siku chache tu, kwa sababu tope haliwezi kungoja, litakauka au litafunikwa. Mifupa ilikuwa imesema tangu zamani kwamba waliishi enzi moja, lakini enzi ya mifupa inaweza kuwa na upana wa maelfu ya miaka. Nyayo zinasema walitumia ufuo uleule kwa wakati mmoja, na pengine walionana kwa macho.

Nimesimama ufuoni hapo jioni upepo ukivuma kutoka ziwani na nimefikiria sana juu ya hilo.

La pili. Kwenye orodha yako Homo erectus amepita kama jina tu. Mwambie binti kuhusu kijana wa Nariokotome, magharibi mwa ziwa. Agosti 1984 Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu, rangi karibu sawa na kokoto zilizokizunguka, kwenye ukingo wa mto uliokauka. Timu ilipochimba ikapata karibu mifupa yote ya mtoto wa kiume, meno yakionyesha miaka kama 8 au 9, na tayari alikuwa na urefu wa karibu mita 1.6. Miguu mirefu, mikono ya kawaida, mwili wa kutembea mbali kwenye jua. Miaka milioni 1.5 na zaidi kidogo.

Kamoya alikuwa Mkamba, alianza kazi na akina Leakey akiwa kijana mdogo, na hakuwa na shahada. Mwaka 1964 ndiye aliyepata taya la Peninj, huko kwenu Ziwa Natron, ambalo pia ni la jamii ya Zinj. Alifariki Julai 2022. Huku wazee wa kambi wakimtaja wanashusha sauti. Ukishaandika jina la Maundu Muluila ubaoni, andika na Kamoya Kimeu chini yake.

---

Mwalimu wa Mbulu

Shikamoo Mzee wa Chekeche. Dada mkunga, kaka wa Lodwar, asanteni sana. Nimenakili yote kwenye daftari la maandalio.

Yamebaki mawili. Bado nina deni la nyani na sokwe. Na jingine ni la dhati: nusu ya darasa wanatoka kwenye familia za kanisani na wachache ni Waislamu. Mzazi mmoja alishanifuata kuniuliza kwa nini nawaambia watoto kwamba Mungu hakuumba. Sijawahi kusema hivyo. Mzee, wewe ulikuwa unafanyaje?

---

Mzee wa Chekeche

Marahaba Mwalimu.

Nianze na mzazi. Mimi ni Mkatoliki, Jumapili nilikuwa naimba kwaya na Jumatatu nashika chekeche, na sijawahi kuona moja likinikataza jingine. Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia wanachama wa Chuo cha Kipapa cha Sayansi mwaka 1996 kwamba nadharia hii ya mageuzi imeshakuwa zaidi ya dhana tu, huku akisisitiza kuwa roho ya mtu inatoka kwa Mungu. Kwa familia za Kikatoliki hilo husaidia. Kwa wengine, nilikuwa nasema ninachokijua: hili ndilo tabaka, huu ndio mfupa, hii ndiyo miaka ya majivu. Nani aliyepanga yote haya na kwa nini, chekeche langu halikuwahi kunionyesha, na sikuwahi kumwambia mgeni yeyote kwamba limenionyesha. Mkaribishe mzazi huyo darasani siku ya nyayo. Wengi wanaogopa wasichokiona.

Sasa nyani. Sisi hatukutoka kwa nyani wa Manyara, na wao hawakutoka kwetu. Sisi na wao tuna wahenga wa pamoja walioishi zaidi ya miaka milioni 25 iliyopita, kisha koo zikaachana. Ushahidi wa kale kuliko wote wa kuachana huko umetoka Tanzania, bonde la Rukwa. Mwaka 2013 timu ya Nancy Stevens ilitangaza mabaki mawili ya miaka milioni 25.2: Rukwapithecus, kipande cha taya chenye meno, wa upande wa masokwe na sisi, na Nsungwepithecus, kipande cha taya chenye gego moja, wa upande wa nyani na tumbili. Gego moja tu, lakini vinundu vyake vinatosha kumpa ukoo. Baada ya hapo nyani nao wameendelea kubadilika kwa miaka yao yote milioni 25. Nyani wa leo ni mgeni duniani kama sisi.

Sokwe mtu ni ndugu wa karibu zaidi. Tuliachana naye kama miaka milioni sita au saba iliyopita. Kuanzia hapo yeye alishika njia yake, ya msituni, ya kupanda miti na kutembea akiegemea vifundo vya mikono, na hajasimama kutusubiri. Mwaka 1960 Jane Goodall, aliyetumwa Gombe na Louis Leakey, aliwaona wakichukua shina la nyasi, wakilichokoa kwenye kichuguu na kuvuta mchwa. Hilo wanalifanya kwa ajili ya maisha yao ya sokwe. Kijana wako mwambie hawako njiani kwenda kuwa watu, na wanastahili msitu wao hivyohivyo walivyo.

Kwa vitendo, fanya haya mawili.

La kwanza, nyayo. Tandaza majivu ya jikoni yaliyochekechwa, unene wa vidole viwili, nyunyiza maji kidogo sana, pitisha watoto peku. Mmoja atembee, mmoja akimbie, mmoja abebe mwenzake mgongoni, na wawili wafuatane mmoja akikanyaga ndani ya nyayo za mwenzake. Wale ambao hawakuwaona waje wasome nyayo: nani mzito, nani alikimbia, wangapi walipita. Hiyo ndiyo kazi waliyofanya Laetoli, na watoto wa wafugaji watawashinda wote, utaona. Waambie pia wapime urefu wa unyayo na urefu wa mwenye mguu, waone uwiano, maana ndivyo zile sentimita 165 zilivyokadiriwa.

La pili, kamba. Kata mita saba, kila mita ni miaka milioni moja. Mwanzo wa kamba, kwenye saba, ni Sahelanthropus, fuvu lililopatikana jangwa la Djurab, Chad, mwaka 2001. Kwenye sita weka Orrorin wa vilima vya Tugen, Baringo. Kwenye 4.4, Ardipithecus wa Ethiopia. Kwenye 3.66, Laetoli, na hapo mweke mtoto asimame. Sentimita 30 za mwisho ndizo zetu sote, wa Mbulu, wa China na wa Marekani. Rukwa haitaingia darasani, itabidi mtoto mwenye mbio aende mita 25 uwanjani akapunge mkono.

Sasa usiandike majina kwenye kamba yenyewe. Kata vitambaa vyembamba, kila aina na kitambaa chake, uvilaze kando kando. Zinj na jamii yake wapewe kitambaa cha kuanzia karibu 2.3 hadi kama 1.2. Homo habilis alale pembeni yake, kuanzia kama 2.3 hadi 1.6 hivi. Homo erectus aanze kwenye 1.9. Watoto wataona vitambaa vitatu vikipishana, na foleni itakuwa imevunjika yenyewe. Kazi hiyo mpe yule binti aipange.

Kwenye mtihani wajibu kulingana na mtaala, wasipoteze alama, lakini wakiulizwa waeleze uhusiano wa Zinjanthropus na Homo habilis waandike kwamba waliishi enzi moja na kwamba Zinj hakuwa mhenga wa moja kwa moja. Hakuna msahihishaji makini atakayelikata hilo.

Fuvu lenyewe, lile la asili, liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Huku Oldupai utaona nakala, pamoja na nakala ya nyayo za Laetoli. Nyayo za asili za mwaka 1978 zilifukiwa tena kwa uangalifu miaka ya 1990, kwa sababu mizizi ya migunga ilikuwa inazipasua, kwa hiyo usiwaahidi watoto kuziona. Kutoka Mbulu hadi Oldupai ni safari ya kuamka usiku, lakini inawezekana kwenda na kurudi siku moja. Ukipata basi la shule nijulishe humuhumu. Nitashuka getini niwapeleke mwenyewe.

---

Mwalimu wa Mbulu

Mzee, kamba ninayo na majivu wapishi wameshaanza kuniwekea. Naanza na nyayo Jumatatu, kipindi cha kwanza kabla jua halijakausha. Huyo mzazi nimempigia, kasema atakuja.

Swali dogo la maandalizi: vitambaa vya Laetoli niweke kimoja au viwili, kwa sababu ya yale ya eneo A?

---

Mzee wa Chekeche

Weka viwili. Cha afarensis kianze kama 3.9 kiishie karibu na 3. Cha pili kiwe kifupi, kwenye 3.66 pale pale, bila jina.